Jini mwenye saa ya mkononi

Jini anatoka chooni. Uso umepakwa unga wa muhogo, macho yamezungushiwa masizi, shuka jeupe linaburuta sakafuni. Anainua mkono amkabe binti koo, na pale kwenye kifundo cha mkono pana saa nyeusi ya mpira, ile ya kidijitali, tarakimu zinasomeka.

Kibanda kizima cha video, kilichokuwa kikionyesha filamu ya kutisha ya vijana wetu iliyopigwa kwa simu, kikaangua kicheko. Hapa ni Busia, upande wa Uganda, jirani na foleni ya malori, na watazamaji wa Busia hawana huruma. "Jini anachelewa kazini!" mtu akadakia kutoka benchi la nyuma.

Dakika chache mbele, filamu ileile ikaonyesha korido tupu. Kamera imetulia. Mwisho wa korido pana jerikani ya njano ya lita 20. Sekunde zinapita, hakuna muziki, hakuna mtu. Jerikani inaanguka.

Hakuna aliyecheka.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Simu iliyopiga picha ni moja, waigizaji ni walewale, mfuko ni uleule mtupu. Kwa nini jini aliyehangaikiwa kwa unga, masizi na shuka akawa kichekesho, halafu jerikani iliyovutwa kwa uzi ikawafunga mdomo watu waliolipa ili wapige kelele?

## Pesa si jibu

Jibu la haraka ni kwamba vijana hawana bajeti. Wanaotengeneza hulitumia kujitetea, wanaocheka hulitumia kuwahurumia. Mimi silikubali, kwa sababu jerikani ilikuwa rahisi kuliko jini.

Ilihitaji mshipi wa kuvulia samaki, na Busia mshipi si bidhaa adimu. Ila aliyeivuta alijua anachofanya. Jerikani tupu ukiivuta kwa mpini huteleza tu juu ya saruji, haipinduki. Ili ipinduke, ukingo wa upande inakoangukia lazima uzuiwe: hubandikwa sakafuni kipande cha ndara chenye unene wa sentimita moja, kilichopakwa rangi ya sakafu. Mshipi wa milimita 0.25 unatosha. Tatizo ni kwamba hung'aa ukipigwa na mwanga wa pembeni, kwa hiyo hupakwa wino mweusi, tena hupitishwa nyuma ya jerikani ili mwili wa jerikani wenyewe uufiche. Anayevuta anajibanza chumba cha nyuma, ameshika pumzi.

Hayo ni mahesabu, na jini hakufanyiwa mahesabu. Kabla ya kila picha kulitakiwa mtu mmoja, kazi yake hiyo tu, amkague mwigizaji kuanzia kichwani: saa, pete, simu iliyotuna mfukoni, soksi. Apige picha kwa simu yake, alinganishe na picha ya jana. Kazi hiyo haina gharama, na ndiyo ya kwanza kusahaulika usiku watu wakichoka.

Oren Peli alipiga filamu ya kutisha ya Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego kwa dola zipatazo 15,000. Picha zinazokumbukwa zaidi ni za kamera iliyosimama kwenye miguu mitatu, inatazama kitanda na mlango, basi. (Dola 15,000 kwa Busia si pesa ya kuchezea, najua. Lakini mlango unaojisogeza haukuzimaliza hizo.)

## Fumba macho usikilize

Ukitaka kujua filamu ya kutisha itaanguka wapi, fumba macho. Picha mbaya watu huisamehe haraka. Sauti mbaya haisamehewi.

Simu nyingi hupandisha na kushusha usikivu zenyewe. Watu wakiongea, zinashusha. Wakinyamaza, zinapandisha zikitafuta cha kusikia. Sasa filamu ya kutisha inaishi kwenye ukimya. Binti amesimama mlangoni, hasemi neno, na simu inaanza kukuza kila kilichopo: jenereta ya jirani, vyura wa bondeni, mkesha wa kanisa, bodaboda anayebadilisha gia. Ghafla binti anapiga yowe. Simu haijawahi kushusha, yowe linapasuka. Na sauti iliyopasuka hivyo hairudishwi vizuri na programu yoyote, kwa sababu vilele vya mawimbi vimeshakatwa. Havimo tena kwenye faili.

Wanaoliweza hili hutumia simu ya pili kwa sauti tu, yenye programu inayoruhusu kufunga usikivu usijibadilishe. Maikrofoni ndogo ya kubana hukaa kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu, ikishikiliwa na plasta ya dukani ili nguo isiikwaruze. Maneno ya kawaida yafike kama -12 desibeli kwenye kipimo cha programu, ambapo 0 ndipo sauti inapopasuka. Yowe hurekodiwa peke yake baadaye, mwigizaji akirudi nyuma mita mbili. Kabla ya kila picha mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera, na kofi hilo ndilo mhariri hulitumia kuoanisha picha na sauti. Halafu kuna hatua ambayo karibu kila kikundi huiruka: kabla ya kuhama chumba, wote wanyamaze sekunde 60, kirekodiwe kimya cha chumba hicho. Bila akiba hiyo, kila picha inapokatwa mazingira nayo yanaruka, na mtazamaji anashtuka kwa sababu isiyokusudiwa.

Mvua ni habari nyingine. Kati ya Machi na Mei, tena Septemba hadi Novemba, usipange mazungumzo marefu chini ya mabati. Panga matukio yasiyo na maneno. Mvua kubwa juu ya mabati ni zawadi: kila mtu anajua kwamba ndani ya kelele ile unaweza kuita hadi koo likauke na jirani asisikie.

Mabati yana zawadi ya pili. Yakishapigwa na jua mchana kutwa, jioni yanapopoa husinyaa na kulia: ta, kimya, ta-ta. Saa 1 hadi saa 3 usiku ndiyo wakati wa kuyarekodi, maikrofoni ikiwa karibu na dari. Kila aliyelala chini ya mabati ameshawahi kujiambia "ni mabati tu". Sauti hiyo inashinda fidla zote za kupakua mtandaoni, ambazo vijana hawa huzimwaga juu ya filamu nzima mpaka hakuna tena mahali pa kuogopa. Muziki ukitisha kuanzia dakika ya kwanza, jini akitokea anakuta watu wameshazoea.

## Giza la dakika 20

Mafunzo ya mtandaoni yaliyotengenezwa Ulaya huwaambia watu wapige matukio ya usiku wakati wa machweo, mbingu ikiwa ya bluu. Ushauri mzuri, latitudo mbaya. Hapa karibu na ikweta jua huzama wima. Kampala linatua kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na mwanga wa bluu unakaa kama dakika 20. Anayepanga picha sita atapata mbili. Mazoezi yafanyike saa 10, kamera iwe imeshasimama saa 12, na mwigizaji asipewe ruhusa ya kwenda kununua rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai.

Giza likishaingia kabisa, simu huongeza usikivu wa mwanga na picha hujaa chenga. Dawa inayochekesha ni kuwasha taa kubwa mbele ya uso, na hapo usiku unageuka studio ya picha za pasipoti. Mwanga utoke nyuma au pembeni. Taa ya bodaboda iliyowekwa mita 10 nyuma ya mwigizaji, na moshi kidogo wa majani mabichi nje ya nyumba, inampa umbo na kumnyima uso. Fokasi ifungwe, mwangaza ufungwe, la sivyo simu itahangaika kila mtu anaposogea.

Kuna kosa dogo linaloharibu filamu nyingi bila mhusika kujua kwa nini. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu 30 kwa sekunde. Ukipiga chini ya taa za dukani, michirizi ya kiza inapanda ukutani polepole. Weka fremu 25, na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100, michirizi inatoweka. Kibandani michirizi hiyo haimtishi mtu. Wanadhani mashine imekufa, wanamgeukia mwenye kibanda.

## Sukari, kakao na shati la pili

Watu wa Wakaliga, pale Kampala, walijifunza damu kwa njia ngumu. Filamu za Isaac Nabwana, mwongozaji wao, ni za mapigano, lakini karakana yao ni shule kwa yeyote anayetaka kumwaga damu kwa bei ndogo: mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe ndani ya kondomu, mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Damu mbichi ya mnyama isiingie mdomoni mwa mtu. Hilo halina mjadala.

Damu ya kawaida: vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, chemsha mpaka sukari iyeyuke kisha dakika tano zaidi, iache ipoe. Rangi nyekundu ya keki kijiko kimoja cha chai. Halafu kakao, kijiko kimoja cha chai, na kakao ndiyo inayoachwa na wengi. Bila kitu cha kahawia, chini ya taa za LED damu inaonekana juisi. Ikiwa nyepesi sana, ongeza kijiko cha unga wa mahindi laini uliokorogwa kwa maji baridi, uichemshe tena mpaka iwe nzito.

Sukari huita wageni. Ukiiacha nje usiku kucha, asubuhi utakuta sisimizi, na jua likipanda, nyuki. Ngozi nayo itabaki na rangi hata baada ya sabuni, kwa hiyo picha za mtu akiwa msafi zipigwe zote kwanza.

Lakini kikwazo kikubwa ni shati. Shati la mitumba la Owino, soko la Kampala, halina pacha. Likishalowa damu katika jaribio la kwanza na mwigizaji akasahau maneno, hakuna jaribio la pili. Ndiyo maana wenye uzoefu huwavisha wahanga wao mashati meupe ya shule: unapata matatu yanayofanana duka lolote la sare.

Wamarekani waliotengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, kwa dola kama 114,000, walitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na rangi ya damu haikujalisha. Mbinu hiyo bado inafaa. Rangi ikiondolewa, hata taa zisizolingana hufichika. Ila kibandani ukionyesha filamu isiyo na rangi watu watadai pesa zao.

## Walumbe hana uso

Nilidhani kwa muda kwamba nimepata jibu: jerikani ilitisha kwa sababu ni yetu. Jini wa shuka jeupe ameazimwa, jerikani iko kila nyumba. Nyumba zetu hazina orofa ya chini ya ardhi wala dari la kuhifadhia maboksi ya marehemu bibi, zina choo cha nje, umbali wa hatua 30, saa 8 usiku. Hapo ndipo hofu inapokaa.

Jibu zuri, lakini saa ya mkononi inalivunja. Saa nayo ni yetu. Inauzwa kando ya barabara kila mji. Mbona ilichekesha?

Buganda ina hadithi inayonisaidia. Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi, wakishuka kutoka mbinguni, waliambiwa wasirudi nyuma. Nambi akakumbuka ulezi, chakula cha kuku wake, akarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe, ambaye ni Kifo, akawafuata. Hakuja na kucha wala meno. Aliomba kitu ambacho shemeji yeyote anaweza kuomba: mtoto mmoja amsaidie kupika. Kintu akakataa. Watoto wakaanza kufa. Kayikuuzi, kaka mwingine wa Nambi, alipotumwa kumrudisha, Walumbe akazama ardhini, na kule Ttanda, wilaya ya Mityana, mashimo anayosemwa kuingilia yanaonyeshwa hadi leo.

Katika hadithi hiyo kuna ulezi, kuku, jiko, mtoto. Vyote vya nyumbani. Kisichokuwepo ni mkono unaoonekana ukiua.

Saa ilichekesha kwa sababu ilitufikisha kwa mwenye mkono: kijana fulani wa mtaani, ana ratiba, atanawa uso na kwenda zake. Jerikani haikutufikisha kwa mtu. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 haimwonyeshi mchawi hata mara moja. Mwishoni kuna mwanaume amesimama akiitazama kona ya ukuta, na kamera inaanguka. Waliopiga picha ni waigizaji wenyewe, msituni. Filamu ya namna hiyo inaruhusu kila kasoro ya vifaa, isipokuwa kumfunua aliyeshika uzi.

Kwa hiyo nikipewa mswada wa vijana wetu, kwanza ningefuta jini. Ningemwacha shangazi mlangoni, usiku, na kibeti chake, akiomba mtoto wa kumsaidia kazi mjini. Waigizaji wawili, mlango mmoja.

## Inapokaribia gazeti

Hapa ninasita, kwa sababu shangazi huyo yuko karibu sana na habari za kweli.

Uganda ina sheria ya mwaka 2021 dhidi ya kafara ya binadamu. Haikutungwa kwa ajili ya hadithi. Kuna wazazi wa watoto waliouawa wanaoweza kuwa wamekaa kwenye benchi la pili. Filamu za bei ndogo hulipenda jambo hili kwa kuwa mganga ni rahisi kumvisha: gome la mti, kibuyu, simbi, kwisha. Matokeo ni kwamba kila mwenye kibuyu anakuwa muuaji, na mwili wa mtoto unakuwa pambo la bango. Sisemi wasiliguse. Nasema kamera isimfuate mtoto kichakani. Ibaki na mama anayehesabu sahani.

Kuna hatari nyingine ya kawaida zaidi. Mtu mwenye uso mweupe anayetembea kijijini saa 8 usiku hataulizwa anaigiza filamu gani. Ataitwa msezi, mla maiti, na mawe yatafika kabla ya maelezo. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, apewe barua yenye tarehe na saa, kituo cha polisi kilicho karibu kijulishwe, na majirani waambiwe nyumba kwa nyumba, jioni ileile, si wiki iliyopita. Mwigizaji asiende hata kujisaidia peke yake akiwa na vipodozi. Anawe uso palepale kabla ya kupanda bodaboda. Panga liwe la mbao nyembamba lililopakwa rangi ya fedha. La chuma libaki kwa mwenye shamba.

## VJ hawezi kunyamaza

Filamu ile ya Busia haikuwa na VJ, msimulizi anayeongea juu ya filamu kibandani, na hilo huenda ndilo lililoiokoa jerikani.

VJ analipwa aongee. Anatafsiri, anatania, anampa muuaji jina la mwenye nyumba anayedai kodi. Ukimya wa sekunde 20 kwake ni shimo la kufukiwa. Mwanzoni nilimhesabu kuwa adui wa filamu ya kutisha, na bado sijaliacha wazo hilo kabisa. Ila inabidi kukiri kwamba toleo la Who Killed Captain Alex?, filamu ya Nabwana, lililozunguka dunia ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, na bila sauti hiyo ingekuwa filamu nyingine.

Kicheko cha kibandani kina furaha yake, nayo inatokana na mkono uleule ninaosema ufichwe. Wajapani waliojaribu One Cut of the Dead mwaka 2017, kwa yeni milioni 3 hivi, walianza na dakika 37 za filamu mbovu ya mazombi, isiyokatwa hata mara moja: watu wanasitasita, kamera inalala chini bila sababu. Baadaye filamu inarudi kuonyesha kilichokuwa kikiendelea nyuma ya kamera, nani alikuwa amelewa, nani alikuwa akiumwa tumbo, na kila kasoro inapata mwenyewe. Watu wanaopenda filamu mbovu wanapenda hicho, wawe Tokyo au Wakaliga: kumwona kijana wanayemjua akihangaika kuwa jini.

Tatizo ni kutaka vyote viwili kwa wakati mmoja bila mpango. Filamu nyingi huogofya kwa bahati na kuchekesha kwa bahati.

VJ huwezi kumlazimisha, na sioni kwa nini alazimishwe. Wapo wanaolipia sauti yake kuliko picha. Kinachowezekana ni kumpa karatasi moja pamoja na faili: dakika na sekunde ambapo sauti ya filamu ibebe tukio peke yake, mahali patatu kwa filamu nzima. Ukimwandikia kumi ataitupa. Akipewa matatu, VJ anayejua kazi atayatumia kwa faida yake mwenyewe, maana mzaha wa kwanza baada ya kimya ndio unaolipa zaidi.